Kudai fidia ya adhabu Mombasa: tathmini ya huduma ya ofisi moja ya mawakili

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya ofisi ya mawakili iliyoko mjini Mombasa, mwendo mfupi kwa miguu kutoka majengo ya mahakama, ambayo ilimwakilisha mamangu mdogo katika kesi ya madai dhidi ya mwenye jengo aliyemfungia duka lake la vitambaa na kuzitoa bidhaa zake barazani bila notisi wala amri ya mahakama. Kilichonifanya niandike ni kwamba ndani ya madai hayo mlikuwa na ombi la fidia ya adhabu, ombi ambalo wateja wengi hulisikia juu juu tu na mawakili wengi huliandika kwa mazoea, na ofisi hii ililishughulikia kwa namna inayostahili sifa mahali pengi na lawama mahali pamoja pazito. Sitaitaja ofisi kwa jina, wala sitamtaja aliyeshtakiwa, kwa kuwa kesi imekwisha na mamangu mdogo hataki ifufuliwe. Tena naamini anayetafuta wakili atafaidika zaidi akijua maswali ya kuuliza kuliko akipewa anwani.

Fidia ya kawaida hupimwa kwa hasara ya aliyedhulumiwa: kilichoharibika, kipato kilichopotea, maumivu na usumbufu alioupata. Fidia ya adhabu haipimwi kwa hasara hiyo. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Obongo dhidi ya Baraza la Manispaa ya Kisumu iliyoripotiwa mwaka 1971, ilieleza kwamba kiburi au chuki ya mdaiwa inaweza kuongeza fidia ya jumla kwa sababu imemzidishia mdai fedheha, na ongezeko hilo bado ni fidia. Lakini fidia ya adhabu iko nje kabisa ya uwanja wa kufidia, kwani ijapokuwa fedha zinaingia mfukoni mwa aliyekosewa, lengo lake ni kumwadhibu aliyekosa. Mahakama hiyo ilifuata msimamo wa Lord Devlin, jaji wa Uingereza, katika kesi ya Rookes dhidi ya Barnard ya mwaka 1964, ambaye aliifungia fidia hii katika mafungu matatu tu: watumishi wa serikali wanapotumia mamlaka yao kwa uonevu au kinyume cha katiba, mdaiwa anapopiga hesabu kwamba faida ya kosa itazidi fidia atakayotozwa, na pale ambapo sheria iliyoandikwa yenyewe inairuhusu. Mahakama za Kenya zimeendelea kuyatumia mafungu hayo hadi leo, na mtu ambaye shida yake haingii katika lolote kati yake anapoteza karatasi akiiomba, hata kama alitendewa ubaya wa kutisha.

Mkutano wa kwanza ulitugharimu shilingi 5,000, na kwa kile tulichokipata naona bei hiyo ilikuwa ya haki. Wakili aliyetupokea ni binti mdogo kwa umri, ambaye alimwamkia mamangu mdogo shikamoo, akamvutia kiti mbali na feni kwa sababu alimwona anakohoa, kisha akamwomba jambo ambalo sikulitarajia. Hakutaka kusikia kisa kwanza. Alitaka karatasi: taarifa za malipo ya kodi kutoka M-Pesa, namba ya OB ya ripoti iliyopelekwa kituo cha polisi, picha za majora ya vitambaa na leso zilizolowa mvua pale barazani, na simu yenyewe ya mamangu mdogo. Mkataba wa maandishi haukuwapo, kwani aliingia dukani humo miaka mingi iliyopita kwa maneno ya mdomo na marehemu aliyekuwa mwenye jengo, na jengo lilipouzwa mwenye mpya akamrithi pamoja na kodi yake ya shilingi 25,000 kwa mwezi.

Wengine wangekuambia kwamba bila mkataba huna kesi. Wakili huyu alieleza kinyume chake, tena kwa usahihi: chini ya Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, inayohusu wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, upangaji usioandikwa ni miongoni mwa ule unaolindwa, na mwenye jengo anayetaka kuumaliza analazimika kutoa notisi isiyopungua miezi miwili kwa fomu iliyowekwa na sheria, huku mpangaji akiwa na haki ya kuipinga mbele ya Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara. Alitwambia pia, bila kutulaumu, kwamba lau tungefika mapema tungeweza kukimbilia Baraza hilo kuomba mamangu mdogo arudishwe dukani, lakini kwa vile mpangaji mwingine alikwisha kuingia na kupaka rangi, njia yenye maana iliyobaki ilikuwa ni kudai fidia kortini.

Ndipo akaichukua simu akaanza kusoma ujumbe mmoja mmoja, na hapa nilianza kuona thamani ya ile 5,000. Katikati ya majibizano kuhusu kodi mpya palikuwa na ujumbe wa mwenye jengo ambao sisi tuliuchukulia kuwa kejeli tu: "Mama hata ukienda kortini, watakachoniambia nikulipe hakifiki kodi ya miezi mitatu ya mpangaji mpya. Piga hesabu mwenyewe." Wakili aliusoma mara mbili, akamgeuzia mamangu mdogo kioo cha simu na kumwambia, "Mama, ujumbe huu usiufute, na simu hii usimpe mjukuu achezee." Kisha akatufafanulia kwamba ushenzi wa dalali na vijana aliowaleta kutoa bidhaa, mvua na fedheha ya kutolewa nje mbele ya majirani vyote vingeongeza fidia ya jumla, lakini ni sentensi ile moja iliyotufungulia fungu la pili la Lord Devlin, kwa sababu mwenyewe aliandika kwa mkono wake kwamba alikwisha kulinganisha faida ya kuvunja sheria na gharama yake. Kumfukuza mpangaji kwa nguvu ili jengo lipangishwe kwa bei ya juu ni mfano unaojulikana sana katika fungu hilo. Katika Drane dhidi ya Evangelou, kesi ya Uingereza ya mwaka 1978, mwenye nyumba aliyemfukuza mpangaji kwa nguvu alitozwa pauni 1,000 za fidia ya adhabu na Mahakama ya Rufaa ikauacha uamuzi usimame.

Sifa yangu kubwa kwa ofisi hii ni jinsi ilivyotupunguzia matumaini. Mamangu mdogo alikuwa amejazwa habari za Marekani na jirani mmoja mwenye watoto huko, na alikuja akiwa na tarakimu ya milioni kumi kichwani. Wakili hakumcheka. Alimweleza kisa maarufu cha yule bibi wa New Mexico aliyeungua kwa kahawa ya McDonald's, ambacho husimuliwa kila mahali kama ushahidi wa utajiri wa kesi: mwaka 1994 baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wa kawaida wanaoamua kesi huko, lilitoa dola milioni 2.7 za adhabu, lakini jaji akazishusha hadi 480,000, na mwishowe pande mbili zikapatana nje ya mahakama. Akaongeza kwamba hata huko Mahakama ya Juu imeweka breki. Mwaka 1996, katika kesi ya BMW dhidi ya Gore, iliitupa adhabu ya dola milioni 2 iliyotolewa kwa hasara ya dola 4,000 ya gari lililopakwa rangi upya na kuuzwa kama jipya; na mwaka 2003, katika kesi ya State Farm dhidi ya Campbell, ilisema kwamba ni nadra adhabu inayozidi mara tisa ya fidia halisi kukubalika kikatiba. Kenya haina baraza la wazee wa mahakama katika kesi za madai; anayeamua kiasi ni hakimu au jaji peke yake, naye hufundishwa kujizuia. "Tukiomba milioni kumi," alisema, "hakimu ataanza kututilia shaka hata kwenye yale tuliyo na haki nayo."

Bahati mbaya ujumbe huo haukuwa umefika kwa kila mtu ofisini. Yule anayepokea wageni mlangoni, kijana mchangamfu mno, alikuwa akimwambia mamangu mdogo kila tulipoingia kwamba "tutamfilisi huyo", na ikabidi kila mara tuanze tena kumtuliza. Ni jambo dogo, lakini mteja mwenye hasira huamini maneno ya mlangoni kuliko ya mezani.

Kuhusu ada, ofisi ilikuwa wazi mwanzoni. Mteja anayedhani anaweza kumpa wakili sehemu ya ushindi, kama wafanyavyo wengi Marekani, ajue kwamba kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili ya Kenya kinabatilisha makubaliano ya kumlipa wakili pale tu kesi inaposhinda, na tulipojaribu kupendekeza mpango huo tulikataliwa papo hapo kwa adabu. Tulikubaliana shilingi 150,000 kwa awamu tatu, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 juu yake, yaani 174,000 kwa jumla. Kilichokuja kutukera ni zile gharama ndogo ndogo za kufungua jalada, kupeleka hati kwa wadaiwa, nakala na usafiri wa karani, ambazo zilikuwa zikidaiwa kwa ujumbe wa WhatsApp bila risiti hadi tulipolalamika. Baada ya malalamiko risiti zilianza kuja, lakini za mwanzo hatukuzipata kamwe, na sioni sababu ya ofisi inayomdai mtu mwingine ushahidi wa kila senti kushindwa kumpa mteja wake karatasi.

Uandishi wa hati ya madai ndio ulionishawishi kwamba tulikuwa mikononi mwa mtu anayeijua kazi yake. Rasimu ya kwanza tulitumiwa tuisome kabla haijawasilishwa, jambo ambalo nimeambiwa na wengi kwamba halikuwapata wao. Madai yalijengwa juu ya uvamizi na uharibifu wa mali, hayakujengwa juu ya kuvunjwa kwa makubaliano ya upangaji, na nilipouliza kwa nini, jibu lilikuwa fupi: tangu kesi ya Addis dhidi ya Gramophone ya mwaka 1909 mahakama zinazofuata sheria ya Kiingereza hazitoi fidia ya adhabu kwa kuvunja mkataba, hata uvunjaji uwe wa ukatili kiasi gani. Aya ya fidia ya adhabu ilisimama peke yake, mbali na ile ya fidia ya jumla, na chini yake yaliorodheshwa matendo mahususi yanayoionyesha hesabu ya mdaiwa: kwamba alijua kodi imelipwa, kwamba aliwahi kutoa notisi kwa fomu sahihi kwa mpangaji mwingine katika jengo hilo hilo na kwa hiyo hakuwa mgeni wa sheria, na ule ujumbe wa simu neno kwa neno. Ujumbe wenyewe uliambatanishwa na cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kwa kumbukumbu za kielektroniki, kinachoeleza ni simu ipi, nani aliuchapisha na kwa mashine gani. Wakili wa upande wa pili alijaribu kuupinga ujumbe huo siku ya kusikilizwa, na alipoonyeshwa cheti akaketi.

Lilikuwapo pia suala la nani ashtakiwe, na hapa wakili alipambana na sisi wenyewe. Mamangu mdogo aliwataka wote: mwenye jengo, dalali aliyeleta vijana wa kubeba, na askari wawili waliosimama kando wakitazama. Kwa askari, alitueleza kwamba fungu la kwanza la fidia ya adhabu linawahusu kweli watumishi wa serikali, lakini ushahidi wetu ulikuwa kwamba walikuwapo tu, na kusimama kando si rahisi kukuthibitisha kuwa ni uonevu wa mamlaka. Tena madai ya namna hiyo dhidi ya serikali lazima yafunguliwe ndani ya miezi kumi na miwili, tofauti na miaka mitatu ya madhara ya kawaida, na hata ukishinda huwezi kukamata mali ya serikali bali hupewa hati ya kudai malipo ambayo watu wengine huzeeka nayo. Kwa dalali, hoja ilikuwa ya ndani zaidi. Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilikwisha kuamua mwaka 1972, katika Cassell dhidi ya Broome, kesi ya nahodha wa jeshi la majini aliyechafuliwa na kitabu, kwamba wadaiwa wakishtakiwa pamoja fidia ya adhabu hupimwa kwa yule mwenye hatia ndogo zaidi kati yao. Dalali angeweza kusema alitumwa na akaamini kodi haijalipwa, na unafuu wake ungemfunika mwenye jengo. Kwa hiyo alishtakiwa mwenye jengo peke yake, na dalali akaitwa baadaye kama shahidi. Sina hakika kwamba mimi ningeliona hilo hata ningesoma sheria miaka kumi.

Kesi ilifunguliwa katika mahakama ya hakimu mkuu, ambaye kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 2015 anaweza kusikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 20, na uamuzi wa kutokwenda juu zaidi ulituokolea fedha. Utetezi ulikuwa ule ule wa siku zote, kwamba kodi ilikuwa imelimbikizwa na mwenye jengo alikuwa akikamata mali kufidia deni. Taarifa za M-Pesa ziliubomoa asubuhi moja. Dalali alipoulizwa kama aliandika orodha ya mali alizozikamata, kama anavyopaswa kufanya anayekamata mali kwa deni la kodi, alisema aliambiwa atoe tu vitu nje na kubadilisha kufuli.

Lipo jambo ambalo wakili alilishughulikia bila sisi kujua umuhimu wake hadi alipotueleza. Mamangu mdogo amepita miaka sabini, na Sura ya 26 ya Sheria za Kenya inasema kwamba mtu akifa kesi yake inaweza kuendelezwa kwa faida ya mirathi yake, lakini fidia itakayotolewa haitakuwa na fidia ya adhabu ndani yake. Maana yake ni kwamba kila ahirisho lilimnufaisha mdaiwa kwa namna ambayo haikuandikwa popote. Ofisi iliandika barua mbili kuomba tarehe za karibu kwa sababu ya umri wa mdai, na ya pili ikazaa matunda. Ni huduma ya kiwango cha juu.

Sasa lawama. Ya kwanza ni ya fidia mahususi, yaani ile ya vitu vyenye bei inayojulikana. Sheria haina huruma hapa: tangu Hahn dhidi ya Singh ya mwaka 1985, Mahakama ya Rufaa ya Kenya inashikilia kwamba hasara za namna hiyo lazima zitajwe moja moja na zithibitishwe kikamilifu. Hati yetu ilidai shilingi 310,000 za vitambaa, leso na vikoi vilivyoharibika, lakini risiti tuliombwa kuzileta karibu na siku ya kusikilizwa, wakati wauzaji wa jumla wawili walikwisha kuhama na mmoja hakuwa na kumbukumbu. Tulichopeleka ni daftari la mamangu mdogo, lililoandikwa kwa hati nzuri ya kalamu ya wino wa buluu, kila jora na bei yake, na hakimu alilisifu daftari hilo kisha akalikataa. Tulipata 94,000 tu. Lau tungeambiwa siku ile ya kwanza, pamoja na karatasi nyingine tulizoombwa, tungezipata risiti nyingi zaidi.

Lawama ya pili, ambayo ndiyo niliyoiita nzito, inagusa fidia ya adhabu yenyewe. Ofisi ilithibitisha vizuri sana kwamba mdaiwa alipiga hesabu, lakini haikuileta hesabu yenyewe mahakamani. Mpangaji mpya alikuwa akilipa shilingi 70,000 kwa mwezi. Yeye mwenyewe alituambia bila kificho, na tulimpelekea wakili habari hiyo. Angeweza kuitwa kama shahidi, au mkataba wake ungeweza kuombwa kwa amri ya mahakama. Hakuitwa. Hoja ya wakili ilikuwa kwamba kumvuta mtu asiye na kosa kungemfanya awe adui na pengine abadilishe maneno, na kwamba ujumbe wa simu ulijitosheleza. Ulijitosheleza kufungua mlango. Haukutosha kupima ukubwa wa adhabu. Hakimu alikubali kwamba mwenendo wa mdaiwa uliingia moja kwa moja katika fungu la pili, akasema kwamba mahakama haiwezi kumwacha mtu aone kuvunja sheria ni biashara nzuri, kisha, kwa kukosa tarakimu yoyote ya faida mbele yake, akatoa kiasi alichokiita cha wastani: shilingi 200,000 za adhabu, juu ya 350,000 za fidia ya jumla na zile 94,000, pamoja na riba na gharama za kesi.

Jumla ni 644,000, na yeyote anaweza kufanya hesabu ambayo haikufanywa kortini. Tofauti ya kodi mpya na ya zamani ni shilingi 45,000 kwa mwezi, kwa hiyo kila kitu alichotozwa mwenye jengo, ukiacha riba na gharama, ni sawa na ziada ya miezi kumi na minne hivi, wakati kesi ilichukua zaidi ya miaka miwili. Kwa maneno mengine, mtu yule alikosea katika ujumbe wake aliposema miezi mitatu, lakini hakukosea katika wazo lake, na siku ya hukumu alikuwa bado mbele yetu kwa faida. Kanuni iliyo nyuma ya fungu la pili ni kwamba mahakama inamwonyesha mkosaji kuwa dhuluma hailipi. Katika kesi hii ililipa kidogo kuliko alivyotarajia, na sehemu ya sababu ni kwamba ofisi yetu haikumpa hakimu namba. Nililisema hilo mezani kwa wakili baada ya hukumu, naye alilipokea bila kujitetea sana. Alituambia tuna siku 30 za kukata rufaa kuhusu kiasi, akatuonya kwamba mahakama ya rufaa huchelea kugusa makadirio ya hakimu isipokuwa yawe ya chini mno kupita kiasi au yawe yamejengwa juu ya kanuni isiyo sahihi, na kwamba mdaiwa naye angeweza kujibu kwa rufaa yake. Mamangu mdogo alimkatiza: "Mwanangu, mimi nimechoka. Tuchukue hizi." Wakili hakumsukuma, ingawa rufaa ingemletea ada nyingine, na hilo nimelihesabu upande wa sifa.

Ukazaji wa hukumu ulikwenda vizuri kuliko kesi yenyewe. Ofisi iliandaa hati ya kiasi kinachodaiwa, ikatuma barua ya kudai, na dalali wa mahakama alipofika kwenye lango la mdaiwa kuandika orodha ya magari, fedha zikaanza kuja kwa awamu. Sitaficha kwamba nilifurahi kusikia safari hii dalali alikuwa na orodha. Kasoro iliyobaki ni ya mawasiliano: mara kadhaa tulifika kortini na kukuta shauri limeahirishwa na ofisi ilijua tangu siku iliyotangulia, na taarifa ya mwisho ya hesabu, inayoonyesha kilichopokelewa, kilichokatwa na kilichobaki, tuliipata baada ya kuikumbusha ofisi zaidi ya ilivyostahili.

Kwa jumla naipa ofisi hii nyota tatu na nusu kati ya tano. Nyota hizo zimetokana zaidi na ushauri wa mwanzo, uandishi wa hati na uaminifu wa kutuambia tusichoweza kupata, na zimepungua kwa sababu ya ushahidi wa hasara na wa faida ya mdaiwa. Ningempeleka kwao mtu aliyefukuzwa kwenye jengo, aliyechafuliwa jina kwa makusudi ya kuuza gazeti, au aliyedhulumiwa na kampuni iliyoona ni nafuu kulipa kuliko kutii, mradi awe na kitu kinachoonyesha nia hiyo, kama ujumbe, barua, kumbukumbu za kikao au shahidi aliyekuwa ndani. Na ningemwambia aulize siku ya kwanza kabisa ni nani atakayeithibitisha faida ya mdaiwa mbele ya hakimu, kwa tarakimu gani. Anayedai tu deni la bidhaa au kazi isiyolipwa, lisilozidi shilingi milioni moja, asipoteze 174,000 hapo: Mahakama ya Madai Madogo imewekewa siku 60 kumaliza shauri lake, anaruhusiwa kujisimamia mwenyewe, na fidia ya adhabu asingeipata kwa deni la namna hiyo hata angeajiri mawakili wa jengo zima.